Pagale lina mtu ndani

Kila nikipita barabara ya Dodoma jioni, kutoka Kihonda kwenda Mkundi hadi Kiegea, naona moshi ukitoka kwenye nyumba ambazo hazijaisha. Kuta zimesimama, lenta imefungwa, paa hakuna. Mlango umezibwa kwa bati chakavu na nyasi za uani zimefika kifuani. Lakini nyuma ya ukuta sufuria iko jikoni, kanga imeanikwa kwenye nondo zilizochomoza, na mtoto anachezea lundo la mchanga ulioletwa kwa ajili ya plasta tangu mwaka juzi. Lukobe ni hivyo hivyo, Tungi ni hivyo hivyo, na ukishika barabara ya Iringa utayakuta mpaka Sangasanga. Mji mzima wa Morogoro umezungukwa na mapagale, na karibu kila pagale lina mtu ndani.

Msalimie mtu huyo, muulize kwao ni wapi, na mara nyingi atakutajia mlimani. Wako wa Matombo, wako wa Kilosa na Gairo, wako waliotoka Dodoma na mbali zaidi. Ila wa Mgeta, huko milima ya Uluguru, hawakosekani: Nyandira, Langali, Tchenzema, Bunduki. Ameshuka kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ni kukaa. Anakaa kwenye nyumba ya mwenzake ili tofali, nondo na mabati yasiibwe. Analipwa kidogo, au halipwi kabisa kwa maelezo kwamba ameshapewa pa kulala.

Niseme mapema ninachoamini. Jambo hili halitokani na roho mbaya ya wenye nyumba. Linatokana na namna tunavyopanga viwanja na kujenga pembezoni mwa mji. Kiwanja kimoja, ukuta mmoja, mwenye nyumba asiyekuwepo, ujenzi wa miaka saba: mpangilio huo ndio unaoamua nani apate kazi, aifanye vipi na alipwe nini. Tumejenga mitaa isiyo na uwezo wa kumlipa anayeilinda, na pengo hilo linazibwa na kaya za Mgeta.

Mji uliokimbilia pembeni

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Sensa ya 2022 ikahesabu 471,409. Hao zaidi ya 155,000 walioongezeka hawakwenda kubanana Boma wala Mji Mpya. Wengi wamekwenda pembezoni, kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge, mashamba ya mahindi na vichaka. Tena tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari isiyofika saa mbili, na stesheni yenyewe iko Kihonda. Mtu anayefanya kazi Posta ya Dar sasa anaweza kufikiria kujenga Mkundi bila kuonekana amechanganyikiwa. Madalali wanalijua hilo kuliko mtu yeyote; ukishuka tu, unaulizwa kama unatafuta kiwanja.

Sasa tazama tunavyojenga. Mikopo ya nyumba ya benki huwafikia wachache. Mwalimu, nesi au askari anajenga kwa mshahara: mwaka huu ananunua kiwanja, mwaka ujao anamwaga msingi, mwaka unaofuata anapandisha boma. Halafu anasimama kulipa ada za watoto. Akipumua anafunga lenta, anasimama tena, anapaua. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki huchukua miaka mitano, saba, hata kumi kujaa. Siwalaumu hata kidogo. Mtu wa kipato cha kawaida nchini humu hana njia nyingine ya kupata nyumba yake.

Tatizo ni kwamba miaka yote hiyo mali iko nje na jirani hayupo. Kiwanja cha kulia ni kichaka, cha kushoto nacho ni pagale la mtu aliyeko Dodoma au aliyehamishiwa kazi Malinyi. Ukipiga kelele za mwizi, nani atasikia? Kwa hiyo kila kiwanja kinahitaji jicho lake.

Na si jicho tu. Bomba la maji likiwa bado halijafika, kila nyumba inatafuta kisima au boza, na kila nyumba inanunua tangi. Mtandao wa majitaka unahudumia sehemu ndogo ya mji, hivyo kila mmoja anachimba shimo lake, na likijaa anaita gari la kunyonya liyapeleke majitaka kwenye mabwawa ya Mafisa. Kila mmoja ana fensi yake, geti lake, nyasi zake. Zimezaliwa kazi nyingi hapo: mchimba shimo, mwenye boza, fundi bomba, mchomelea mageti, mfyeka nyasi, dada wa kazi, dalali. Ni kazi za halali na zinalisha watu. Lakini zimetawanyika mno. Fundi bomba anayeitwa kutoka Msamvu kwenda Kiegea kurekebisha koki moja anampa bodaboda sehemu nono ya ujira wake kabla hajafungua mfuko wa spana. Mfyeka nyasi anazunguka na fyekeo begani akigonga mageti ambayo ndani hamna mwenye kauli ya kuajiri, yumo mlinzi tu. Siku inaisha, miguu imechoka, ua alioufyeka ni mmoja.

Kazi inayojimaliza

Familia moja niliyoizoea Lukobe inanipa picha ya jambo lenyewe. Baba ni mtu wa Nyandira. Pagale wanalolinda liko kwenye mteremko mdogo, na mvua za masika zilikuwa zinakula udongo chini ya msingi. Hakuna aliyemwomba afanye lolote. Alikusanya vipande vya tofali zilizovunjika, akavipanga mistari mitatu kukingama na mteremko, akajaza udongo nyuma yake, akapata ngazi tatu zilizonyooka. Pembeni akachimba mfereji wa kupeleka maji mpakani. Kwenye ngazi akapanda mchicha, figili na karoti. Msingi ukapona. Mama akawa anauza mboga na maandazi kwa mafundi wa viwanja vya jirani.

Kazi ile, mtu mwenye nyumba kwenye miteremko ya Bigwa au Kilakala angemlipa mkandarasi. Huyu hakulipwa. Miezi ambayo fedha ya mwenye nyumba imeelekezwa kwenye nondo, hata ile posho ndogo ya mlinzi hupotea, na yeye hukaa kimya kwa kuwa akiondoka hana pa kwenda.

Siku mwenye nyumba atakapopata fedha, mambo yatakwenda haraka. Nyumba itapauliwa, itawekwa jipsamu na vigae, ngazi tatu zitasawazishwa ili zipangwe pavingi. Kisha itapigwa simu: tunahamia mwisho wa mwezi. Familia itafunga vyombo na kutafuta pagale jingine, mbali zaidi na barabara, na watoto watahama shule tena. Mlinzi wa pagale akiifanya kazi yake vizuri, mali isiibwe na ujenzi usonge mbele, ndivyo anavyoiharakisha siku ya kufukuzwa. Ni kazi gani nyingine unayoijua ambayo malipo ya ufanisi ni kukosa makazi?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyumba zote nzuri za Kihonda tunazozipita leo tukizisifia zina mtu aliyezilalia bila paa, naye hatumjui jina.

Wenye kujua historia ya Uluguru watakumbuka kwamba ngazi kama hizo za Lukobe zina kisa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya milima hii na kuwalazimisha watu kuchimba ngazi kwenye miteremko. Mwaka 1955 watu wakachoka, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Hata hivyo Mgeta ngazi zilibaki, na zipo hadi leo, kwa sababu juu yake zilimea mboga zilizokuwa na soko. Mimi naisoma historia hiyo hivi: Mluguru hakuikataa kazi ngumu, aliikataa kazi isiyomlipa. Mjukuu wake anaifanya kazi hiyo hiyo leo kwenye kiwanja cha mtu, bure, kwa sababu ya kukosa pa kulala.

Nusu mshahara kwa kulala kazini

Wako pia walio ndani ya nyumba zilizoisha. Binti wa miaka kumi na minane anashuka na gari la kabichi kutoka Nyandira, anapokelewa na shangazi, na baada ya wiki moja yuko nyuma ya geti Mkundi akilea mtoto wa watu.

Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, ilimpangia mfanyakazi wa ndani wa kaya ya kawaida shilingi 120,000 kwa mwezi akiwa haishi kwa mwajiri, na shilingi 60,000 akiwa anaishi humo. Tarakimu hubadilika kila amri mpya inapotoka, lakini tuitazame hesabu hiyo. Kwa amri hiyo, ukilala kazini, mshahara ulikatika nusu. Hoja ya waliopanga ni kwamba chumba na chakula navyo ni malipo. Sawa. Lakini nani aliyeamua kwamba binti alale kazini? Si yeye. Ni umbali. Kutoka Mwembesongo, ambako angeweza kupanga chumba na wenzake wawili, hadi nyumba ya Kiegea iliyo kilomita mbili kutoka lami, hakuna daladala ya saa kumi na moja alfajiri. Bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku ingeumeza mshahara wote. Kwa hiyo pale ofisa alipochora kiwanja na pale dalali alipokiuza, ndipo mshahara wa binti huyu ulipokatwa katikati, naye akiwa bado yuko Nyandira hajui lolote.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huniuma. Zamani dada wa kazi alikuwa na bomba la mtaa. Alikwenda na ndoo, akakutana na wenzake, wakaambizana nani analipa vizuri na nani ana mkono mwepesi wa kupiga. Foleni ya maji ilikuwa karaha, lakini pale ndipo walipojuana thamani. Sasa kila nyumba ina tangi lake na ukuta wa futi saba. Binti anaweza kumaliza mwezi hajaongea na mtu wa rika lake ana kwa ana. Atadai nyongeza kwa kulinganisha na nani?

Mlinzi wa pagale hata kwenye amri hiyo ni vigumu kumweka mahali. Kampuni ndogo za ulinzi zilipangiwa kumlipa mlinzi wake shilingi 148,000. Huyu wetu hana kampuni. Hana sare, hana zamu, hana mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Yeye yuko kazini saa 168, kwa sababu hata usingizi wake ni ulinzi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mali bila daftari huisha bila habari, na jasho nalo ni mali. Ukimuuliza mwenye pagale kuhusu karatasi, atashangaa: karatasi ya nini, huyu si nimemsaidia tu?

Hapo ndipo mpangilio wa nyumba ulipofanikiwa kuificha kazi. Kwa kuwa malipo ni makazi, mwajiri anajiona mfadhili, na mwajiriwa anajiona mgeni. Mgeni hadai.

Huku mlimani nani analima

Kutoka Sangasanga ukiacha barabara ya Iringa, unapita Changarawe na Chuo Kikuu cha Mzumbe, unaendelea Kipera na Mlali, kisha barabara inaanza kupanda. Mbele ni Mgeta, tarafa ya Wilaya ya Mvomero. Baridi, ukungu, na miteremko iliyokatwa ngazi kutoka mtoni hadi juu: kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, nyanya, na huko juu zaidi stroberi na pichi. Mboga hizo zinaliwa Morogoro na Dar es Salaam kila siku.

Nyumba za huko zimekaa tofauti. Ziko mgongoni mwa vilima, ndugu karibu na ndugu, na njia ya miguu inapita mbele ya mlango wa kila mtu. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na wa ukoo mmoja huishi wakionana. Nyumba njema si mlango, na Mgeta mlango si kitu, kwa kuwa ulinzi ni macho ya mama wa nyumba ya pili anayepalilia njegere. Hakuna anayeajiriwa kumlinda mwenzake. Bati likiibwa, mwizi anajulikana kabla jua halijazama.

Lakini mashamba yamegawanywa yakagawanyika. Kijana anayeanza maisha anapata vipande viwili vitatu visivyokaa pamoja, na bei ya kabichi inaweza kuporomoka siku hiyo hiyo aliyovuna. Kushuka mjini si jambo jipya. Mwaka 1992 mtafiti Jan Kees van Donge aliandika kuhusu Waluguru wanaofanya biashara Dar es Salaam. Mchuuzi ana uhuru mmoja mkubwa: anaweza kufunga meza akarudi nyumbani kupanda, akashuka tena na mboga zake. Mlinzi wa pagale hana uhuru huo. Msiba ukitokea Langali, anaomba ruhusa kwa simu kwa mtu aliyeko Dar, na anaweza kuambiwa asubiri hadi apatikane wa kumshikia.

Gharama yake inaonekana shambani. Kazi ya ngazi haina trekta. Miteremko ni mikali mno, ni jembe na mkono. Ngazi ikibomoka na isipokarabatiwa mapema, ya chini yake nayo inafuata, na udongo unaishia mtoni. Kazi hiyo inahitaji vijana, na inahitaji kufanywa mwaka mzima. Wanaobaki ni mama zao na bibi zao. Kama kijana aliyeshuka angekuwa anatuma fedha ya kuajiri kibarua wa kuziba pengo lake, hesabu ingekaa sawa. Lakini anayelipwa kwa makazi anatuma nini? Chumba hakitumwi kwa simu. Mkono mtupu haulambwi, na nyumbani wanamngoja.

Nimewahi kusikia watu wa mjini wakisema vijana wa siku hizi wamekimbia jembe, hawataki kazi. Nawaomba waende Lukobe wakaone karoti kwenye msingi wa pagale. Jembe hawajaliacha. Wamehama nalo.

Mazimbu na Changarawe

Je, lazima iwe hivi? Hapa hapa Morogoro tuna mifano miwili inayosema hapana.

Wa kwanza ni Mazimbu. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini shamba la mkonge lililoachwa, wakati Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa, na mwaka uliofuata ikaanza shule iliyoitwa baadaye kwa jina la Solomon Mahlangu. Pale nyumba zilijengwa pamoja na vitu vya kuzihudumia: karakana, kiwanda cha samani, hospitali, shamba, maji. Watanzania wengi wa maeneo ya jirani waliajiriwa kujenga na kufanya kazi humo. Fundi hakuwa wa nyumba fulani wala chini ya bwana fulani. Alikuwa wa jumuiya nzima, mwenye karakana, vifaa na mwajiri anayejulikana. ANC walipoondoka mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipokea majengo yaliyo hai. Sisemi kila mtaa uwe Mazimbu. Kulikuwa na fedha za wahisani wa dunia nzima na kulikuwa na vita vya ukombozi. Ninachosema ni kwamba nyumba zikipangwa kwa kutegemeana, kazi ya kuzitunza inapata mwenyewe wa kudaiwa.

Wa pili ni Changarawe, nje ya geti la Mzumbe. Hakuna aliyeipanga kwa makini, lakini vyumba vya wanafunzi vimebanana. Nyumba moja ina vyumba kumi au ishirini na ina msimamizi mmoja. Anayefua nguo ana wateja mlango hadi mlango. Mama lishe, mbeba maji, fundi wa vitasa na umeme, wote wanatembea hatua chache kutoka mteja hadi mteja, na jioni wanarudi kwao Mlali au Kipera kwa bodaboda. Mtu mwenye wateja kumi akidhulumiwa na mmoja anamwacha. Mwenye bwana mmoja anayempa na chumba hawezi kuthubutu. Tofauti ya wafanyakazi hawa na wale wa Kiegea haiko kwenye elimu wala bidii. Iko kwenye umbali kati ya mlango na mlango.

Sina haja ya kuipamba Changarawe. Vyumba vingine ni vidogo na vyoo havitoshi. Chuo kikifunga, mapato yanakauka. Bado, mtu wa Mlali anayefanya kazi pale analala kwake.

Kumi kwa watatu

Tuje kwenye hesabu, maana haya yanawezekana bila kungoja bajeti ya taifa.

Chukua viwanja kumi vinavyopakana Mkundi, vyote vina mapagale. Leo kila kimoja kina mlinzi wake wa kulala. Wenye viwanja hao kwa kawaida wana kundi la WhatsApp la kufuatilia barabara na umeme. Kila mmoja akitoa shilingi 45,000 kwa mwezi zinapatikana 450,000, nazo zinawalipa walinzi watatu 150,000 kila mmoja, juu kidogo ya kile kiwango cha 2023 cha kampuni ndogo. Usiku wa saa 12 kwa siku 7 ni saa 84. Wawili wakigawana ni saa 42 kila mmoja, ndani ya zile 45 za sheria. Wa tatu anashika mchana, naye kwa saa zisizozidi hizo. Wote wana kwao pa kulala, wana zamu, na anayefiwa anashikiwa na mwenzake. Mwenye nyumba analipa kiasi kidogo kuliko mshahara wa dada wa kazi wa kulala, na ulinzi anaoupata ni wa mtu aliye macho.

Najua pingamizi. Wengine hawatachangia. Hao wapo hata kwenye misiba. Ndiyo maana serikali ya mtaa isimame katikati: orodha iwe ofisini kwa mtendaji, makubaliano yagongwe muhuri, na asiyechanga ajulikane. Tangu 2008 tuna sheria inayowawezesha watu kumiliki sehemu za jengo moja na kuchangia matunzo ya vitu vya pamoja. Kwa wenye ghorofa tumeshakubali kwamba ukimiliki, unachangia. Mwenye pagale kwa sasa hachangii hata kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, kwa kuwa hana mita. Mali yake imelindwa miaka saba na mtu maskini kuliko yeye, na mtaa haujaona senti.

Upande wa halmashauri, pale inapopimwa ardhi mpya, hasa hii inayozunguka stesheni ya Kihonda, viwanja vitolewe kitalu kwa kitalu. Kitalu cha kwanza kikaribie kujaa watu ndipo cha pili kifunguliwe, bomba na barabara vikifuata. Tukiendelea kufungua maeneo matano kwa mpigo kwa sababu madalali wana haraka, tutaendelea kupata nyumba moja hapa na nyingine kule, vichaka katikati, na mtu wa Tchenzema akiwasha moto ndani ya kuta za mwenzake.

Na ujuzi utambuliwe. VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazi mtaani, na Kihonda wana chuo. Kujenga ngazi, kuzuia mmomonyoko, kutengeneza mfereji na kutunza bustani ya mteremko ni ufundi ambao viwanja vya Bigwa, Kilakala na Luhungo vinauhitaji kila masika. Vijana wa Mgeta wanne wenye cheti, toroli na namba ya simu moja wanaweza kuhudumia mtaa mzima na kurudi mlimani msimu wa kupanda, kwa ratiba yao wenyewe.

Kuna ambalo mwenye pagale anaweza kulifanya wiki hii bila kikao. Sheria inataka mwajiriwa wa mwezi apewe notisi ya siku 28. Kwa familia yenye watoto hizo hazitoshi. Aliyeshaweka vigae na anajua atahamia Agosti, amwambie mlinzi wake Mei, ampe na barua ya utambulisho kwa kazi aliyoifanya, ili watoto wahamishwe shule wakati wa likizo ya Juni na baba apate muda wa kutafuta kazi nyingine akiwa bado ana anuani.